Jua kali: Sekta iliyozaliwa bila paa na ambayo sasa ni tegemeo la mamilioni

NENO ‘jua kali’ limezoeleka mno vinywani mwa Wakenya hivi kwamba ni wachache wanaokumbuka kuwa lilianza kama maelezo ya mahali tu. Mafundi waliofua vyuma, kuranda mbao na kukarabati magari katika viwanja visivyo na paa walifanya kazi hiyo wakichomwa na jua la utosi, na mateso yao yakageuka kuwa jina la kazi yenyewe. Leo jina hilo hutumiwa hata kwa fundi wa simu aliyejikalia ndani ya kibanda chenye umeme, mradi tu hana mwajiri, hana barua ya kuajiriwa wala hana hati ya mshahara mwishoni mwa mwezi.

Kwa mujibu wa Shirika la Taifa la Takwimu (KNBS), zaidi ya watu wanane katika kila kumi walio na kazi nje ya kilimo cha mashamba madogo nchini hupata riziki katika sekta isiyo rasmi. Takwimu za mwaka wa 2023 zilionyesha kuwa sekta hiyo ilikuwa na watu wapatao milioni 16.7 kati ya takriban milioni 20 waliokuwa na kazi. Aidha, nafasi nyingi za kazi zinazotangazwa na serikali kila mwaka kuwa ni mpya huwa zimetoka huko. Kwa maneno mengine, kijana anayemaliza masomo leo ana uwezekano mkubwa zaidi wa kujiajiri au kufanya kazi kwa mtu aliyejiajiri kuliko kuitwa ofisini.

Makala haya yanaeleza sekta hiyo ilikotoka, jinsi inavyoendeshwa, sheria zinazoihusu na mambo yanayomwinua au kumwangusha anayeitegemea.

Chimbuko lake

Wakati wa ukoloni, Mwafrika hakuruhusiwa kuishi mjini apendavyo. Alihitajika kuwa na kazi na kipande, na biashara ndogo aliyoianzisha pasipo leseni ilihesabiwa kuwa kosa. Hata baada ya uhuru mwaka wa 1963, mabaraza ya miji yaliendelea kutumia sheria ndogo za enzi hizo, na vibanda vikawa vinabomolewa mara kwa mara kwa madai ya kudumisha usafi na mpangilio.

Mwelekeo huo ulianza kutiliwa shaka mwaka wa 1972. Mwaka huo Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya, iliyoandaliwa na ujumbe ulioongozwa na wanauchumi Hans Singer na Richard Jolly. Muda mfupi kabla ya hapo, Mwingereza Keith Hart alikuwa ameeleza jinsi wakazi wa Accra, Ghana, walivyojitafutia riziki nje ya ajira za mishahara. Ripoti ya ILO ililipa wazo hilo uzito kote duniani. Ilisema kwamba tatizo kuu la Kenya halikuwa watu kukosa la kufanya, bali ni watu kufanya kazi kwa bidii na kubaki maskini. Ilipendekeza serikali ikome kubomoa vibanda na badala yake iwape mafundi ardhi, leseni na soko.

Mapendekezo hayo yalichukua zaidi ya mwongo mmoja kabla ya kutiliwa maanani. Mnamo 1985, Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji jijini Nairobi na kuahidi kuwajengea vibanda vya kuwakinga jua na mvua. Ziara hiyo ililiingiza neno ‘jua kali’ katika lugha ya serikali. Mwaka huo huo ndio mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanzishwa, ukisisitiza masomo ya ufundi ili mwanafunzi aweze kujitegemea amalizapo shule. Mwaka wa 1988 iliundwa wizara ya mafunzo ya kiufundi iliyokabidhiwa jukumu la jua kali, na mwaka wa 1992 ukachapishwa waraka rasmi wa sera kuhusu biashara ndogo ndogo.

Miaka hiyo ya tisini ndiyo iliyoijaza sekta hii watu. Serikali iliacha kuajiri kwa wingi, mashirika ya umma yakapunguza wafanyakazi, na soko likafunguliwa kwa bidhaa kutoka nje, zikiwemo nguo za mitumba. Walioachishwa kazi walielekea Gikomba, Kariobangi, Kibuye mjini Kisumu na kwingineko, si kwa sababu walikuwa wamefundishwa biashara, bali kwa sababu hapakuwa na mlango mwingine.

Sura nyingi za kazi moja

Ni kosa kudhani kuwa jua kali ni uhunzi pekee. Kwanza wapo wazalishaji: wanaotengeneza masanduku ya bati, sufuria, karai, majiko, toroli, milango ya vyuma, vitanda na viatu vya akala vinavyokatwa kutokana na magurudumu makuukuu. Pili wapo watoaji huduma kama vile makanika, vinyozi, wasusi, washonaji na mafundi wa redio na simu. Tatu wapo wachuuzi, kuanzia mama mboga hadi wauza mitumba. Nne wapo wasafirishaji, yaani watu wa mikokoteni na bodaboda.

Bodaboda ni mfano mzuri wa jinsi kazi huzaliwa pasipo kupangwa na yeyote. Ilianza kwa baiskeli zilizovusha watu na mizigo mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Busia na Malaba, na jina lake linatokana na neno la Kiingereza la mpaka. Serikali ilipoondoa ushuru wa thamani kwa pikipiki ndogo mwaka wa 2008, pikipiki zikachukua mahali pa baiskeli na kazi hiyo ikaenea hadi vijiji vya mbali.

Katika nchi jirani ya Tanzania, sekta hii hujulikana kama ‘nguvu kazi’, huku wachuuzi wakiitwa wamachinga na wapishi wa barabarani mama lishe. Mafundi wa nchi za Afrika Mashariki hukutana katika maonyesho ya Jua Kali na Nguvu Kazi yaliyoanza mwaka wa 1999, ambayo huandaliwa kwa zamu katika nchi wanachama wa Jumuiya.

Kuhusu ubunifu, jiko la makaa lenye kauri ndani yake ndilo kielelezo kinachotajwa mara nyingi. Mapema katika miaka ya themanini, wataalamu walichukua wazo la jiko la Thailand na kulirekebisha pamoja na mafundi wa Nairobi, wakiwemo wa Shauri Moyo. Wafinyanzi wakawa wanatengeneza kauri, mafundi wa bati wakawa wanatengeneza ganda la nje, na jiko linalotumia makaa machache kuliko lile la bati tupu likapatikana kwa bei ambayo familia nyingi za mjini zingeweza kuimudu. Halikulindwa kwa hataza, na kwa sababu hiyo liliigwa kwa haraka hadi nje ya mipaka ya Kenya. Kuigwa huko kulikuwa baraka kwa mnunuzi. Kwa fundi, kulimaanisha kwamba aliyebuni na aliyeiga waliuza bei moja.

Jinsi kazi inavyofunzwa

Fundi wengi hawakupitia chuoni. Kijana hupelekwa na jamaa au rafiki kwa fundi stadi, akaanza kwa kufagia, kushika chuma na kutumwa, kisha akapewa kazi ndogo, na hatimaye kazi kamili. Baadhi ya mafundi hutoza ada, wengine humlipa mwanagenzi pesa za chakula na nauli tu. Hakuna mtihani wala tarehe ya kufuzu. Mwanagenzi hufuzu siku mteja anapomtafuta yeye badala ya mwalimu wake.

Mfumo huu una nguvu zake. Kati ya 1994 na 2002, serikali kwa ushirikiano na Benki ya Dunia iliendesha mradi uliowapa mafundi vocha za kulipia mafunzo waliyoyataka wenyewe. Ilidhihirika kwamba wengi walipendelea kufunzwa na mafundi stadi wenzao badala ya kwenda vyuoni, kwani huko karakana walijifunza kitu kinachouzika.

Hata hivyo, una udhaifu pia. Mwanagenzi hurithi makosa ya mwalimu wake pamoja na ujuzi wake: kuchomelea vyuma bila miwani, kupiga rangi bila kuziba pua, kukadiria bei kwa macho. Isitoshe, hana karatasi ya kuonyesha anapoomba kazi ya mkataba. Dawa ya tatizo hili la mwisho ipo. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA) huwapa mafundi mitihani ya ujuzi katika madaraja matatu, kuanzia la tatu hadi la kwanza, na fundi aliyejifunzia kazini anaweza kufanya mtihani huo hata kama hakusoma chuoni.

Mtaji hutoka wapi?

Wengi huanza kwa akiba yao wenyewe au kwa msaada wa jamaa. Baada ya hapo, tegemeo kubwa ni chama. Watu kumi wanaochanga shilingi 200 kila siku humkabidhi mmoja wao shilingi 2,000 siku hiyo, na kufikia siku ya kumi kila mmoja amepata kiasi ambacho hangeweza kukikusanya peke yake bila kukitumia njiani. Dhamana ya mkopo huu ni jina la mtu. Anayekwepa kuchanga hupoteza zaidi ya pesa, kwa kuwa wanaomjua ndio hao hao wanaomwazima vifaa na kumlindia bidhaa.

Kwa miaka mingi benki ziliwapa kisogo watu hawa. Mambo yalianza kubadilika pale taasisi za mikopo midogo zilipopanuka. K-Rep iligeuzwa kuwa benki mwaka wa 1999, na Equity, iliyoanza mwaka wa 1984 kama chama cha ujenzi wa nyumba, ikapata leseni ya benki mwaka wa 2004. Machi 2007, huduma ya M-Pesa ilianza, na fundi akaweza kupokea malipo kutoka kwa mteja aliye mbali bila kubeba pesa taslimu.

Serikali nayo imeanzisha hazina kadhaa: Hazina ya Maendeleo ya Vijana (2006), Hazina ya Wanawake (2007), Hazina ya Uwezo iliyofuata baada ya uchaguzi wa 2013, na Hazina ya Hustler iliyozinduliwa Novemba 30, 2022. Hii ya mwisho ilianza kwa kutoa mikopo ya kati ya shilingi 500 na 50,000 kupitia simu, kwa riba ya asilimia nane kwa mwaka na muda wa siku 14 wa kulipa, huku asilimia tano ya kila mkopo ikiwekwa akiba.

Ni muhimu kupambanua kati ya mikopo hii. Mkopo wa siku 14 unaweza kumfaa mama mboga anayenunua nyanya alfajiri na kuzimaliza jioni. Seremala anayenunua mbao, akatengeneza kabati kwa majuma mawili na kumsubiri mteja kwa mwezi mzima, hauwezi kumfaa hata kidogo. Atalazimika kukopa kwingine ili kuulipa, na hapo ndipo wengi wanapoanza kudidimia.

Hesabu inayosahaulika

Fundi wengi hawaanguki kwa kukosa wateja. Huanguka kwa kutojua kama wanapata au wanapoteza. Chukulia, kwa mfano tu, fundi anayeuza sanduku la bati kwa shilingi 1,800. Bati, ribiti, rangi na bawaba zimemgharimu 1,200. Akilini mwake, faida ni 600.

Lakini fundi huyo hutengeneza masanduku mawili kwa siku akiwa na msaidizi anayelipwa 500. Mauzo ya siku ni 3,600; ukiondoa vifaa vya 2,400 na malipo ya msaidizi, kinabaki 700. Kodi ya kibanda, ada ya soko, nauli na chakula vikichukua 350, kinachobaki kwa jasho lake la siku nzima ni 350, wala si ile 1,200 aliyodhani. Endapo sanduku moja halitauzwa siku hiyo, anayemlipa msaidizi si mteja tena bali ni mtaji. Na mtaji ukiliwa leo na kesho, siku ya tatu hakuna bati la kununua.

Uchunguzi wa KNBS uliofanywa mwaka wa 2016 ulikadiria kuwa Kenya ilikuwa na biashara ndogo na za wastani milioni 7.4, na kati ya hizo ni takriban milioni 1.6 pekee zilizokuwa na leseni. Uchunguzi huo pia ulionyesha kwamba biashara milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa katika muda wa miaka mitano, na zilizofungwa zilikuwa zimeishi kwa wastani wa chini ya miaka minne. Upungufu wa pesa za kuendeshea shughuli ulitajwa kuwa sababu kuu.

Kwa hivyo daftari la shilingi chache lina thamani kubwa kuliko mkopo. Lina safu tatu tu: kilichoingia, kilichotoka na kinachodaiwa. Jambo la pili ni kutenganisha pesa za nyumbani na za kazi, hata kama ni kwa kutumia laini mbili za simu. La tatu ni kuitisha malipo ya awali yanayotosha kununua vifaa kabla ya kuanza kazi ya mteja, ili mteja akitoweka, atoweke na jasho la fundi lakini si na mtaji wake.

Sheria na kodi

Sheria ya Biashara Ndogo ya 2012 ndiyo msingi wa sekta hii. Inaitambua biashara ndogo zaidi kuwa ile yenye mauzo yasiyozidi shilingi 500,000 kwa mwaka na watu wasiofika kumi, na biashara ndogo kuwa ile yenye mauzo ya kati ya 500,000 na milioni tano na watu kati ya kumi na hamsini. Sheria hiyo iliunda mamlaka maalum ya kuisimamia sekta, na inaviruhusu vikundi vya mafundi kusajiliwa na kuungana.

Leseni ya biashara hutolewa na serikali ya kaunti. Kuhusu kodi, Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya asilimia tatu ya mauzo kwa biashara zinazouza kati ya shilingi milioni moja na milioni 25 kwa mwaka. Hapo awali, tangu 2020, kiwango kilikuwa kimeshushwa hadi asilimia moja. Izingatiwe kuwa kodi hii hutozwa mauzo wala si faida, hivyo anayeuza kwa faida finyu huihisi zaidi. Vilevile, tangu 2013 serikali hutenga asilimia 30 ya zabuni zake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, lakini asiyesajili biashara yake hawezi kuziomba.

Hatari kubwa kuliko kodi ni ardhi. Wengi hufanya kazi mahali pasipo na hatimiliki, na hapo hakuna kampuni ya bima inayokubali kuwakinga kwa urahisi. Soko la Gikomba limeteketea mara nyingi. Moto wa Juni 28, 2018, uliwaua watu 15. Anayeamka akakuta mali yake imekuwa majivu huanza upya kwa michango ya wenzake. Maamuzi ya ghafla ya serikali huumiza pia. Januari 2022, biashara ya vyuma chakavu ilipigwa marufuku ili kukomesha uharibifu wa nguzo na nyaya za umeme, na ingawa lengo lilikuwa jema, waliotegemea vyuma hivyo kwa njia halali walikaa miezi kadhaa bila malighafi.

Maradhi na uzee

Mfanyakazi wa ofisi akiugua, mshahara wake huendelea. Fundi akiugua, nyundo hunyamaza na chungu pia hunyamaza. Tangu Oktoba 1, 2024, bima ya taifa ya afya husimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA). Asiye na mwajiri hukadiriwa mapato ya familia yake na kutakiwa kuchanga asilimia 2.75, isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi, na mchango huo hutarajiwa kulipwa wa mwaka mzima kwa pamoja. Kwa mtu ambaye mapato yake huja kwa siku, ni busara kuutengea kiasi kidogo kila juma badala ya kungoja siku ya kulazwa.

Kuhusu uzee, mwaka wa 2011 ulizinduliwa mpango wa pensheni wa Mbao kwa ajili ya watu wa jua kali. Jina lake linatokana na lugha ya mtaani, ambamo ‘mbao’ ni shilingi 20, kiasi ambacho mwanachama aliombwa kuweka kila siku kupitia simu. Mwaka wa 2019, Hazina ya Taifa ya Malipo ya Uzeeni (NSSF) nayo ilianzisha mpango wa Haba Haba wa shilingi 25 kwa siku. Shilingi 20 kwa siku ni 7,300 kwa mwaka, na kwa miaka 30 ni 219,000 kabla ya faida ya uwekezaji. Si utajiri, lakini ni tofauti kati ya mzee mwenye chake na mzee anayesubiri kuitwa mezani.

Wengi hupuuza mipango hii wakitumaini kuwa watoto au kipande cha ardhi kijijini vitawatunza. Ilhali macho ya mchomelea vyuma huchoka mapema, na mgongo wa mvuta mkokoteni hauna miaka 60 ya kungoja. Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu, na jua kali limethibitisha ukweli huo kwa vizazi viwili. Linalobaki ni kwa mgaagaa huyo kukumbuka kwamba kuna siku hataweza kwenda upwani, na kwamba akiba ya siku hiyo huwekwa wakati nyundo bado inalia.